Kabati la Vitabu Lisifungwe Likizoni

Shule zetu za msingi zinapofungwa mwishoni mwa Oktoba, kuna shughuli moja inayofanywa kwa makini kushinda hata ile ya kujaza ripoti za wanafunzi. Shughuli hiyo ni kukusanya vitabu. Kila kitabu huhesabiwa, nambari yake ikalinganishwa na ile iliyo katika rejista, kilichochanika kikatengwa, na mzazi wa mtoto aliyepoteza chake akatumiwa barua ya kudaiwa. Kisha kabati hutiwa kufuli, na kufuli hilo haliguswi tena hadi Januari. Mwaka 2025, kwa mfano, muhula wa tatu ulimalizika kabla ya Oktoba kwisha, na wanafunzi wakarejea madarasani mwanzoni mwa Januari 2026. Hizo ni takriban wiki 10. Kwa watoto wengi wa nchi hii, hasa wale ambao nyumbani kwao hakuna kitabu ila Biblia au Kurani ya mzazi, hizo ni wiki 10 bila kushika mkononi ukurasa mmoja wa hadithi.

Januari ikifika, walimu huanza kulalamika. Mtoto aliyekuwa akisoma kwa mtiririko mwezi wa Oktoba sasa anadonoa neno moja moja kama kuku adonoavyo mtama. Akifika mwisho wa sentensi, mwanzo wake umekwisha kumtoka. Akiulizwa amesoma nini, anainamisha kichwa. Aghalabu lawama huishia kwa televisheni, kwa simu na kwa uvivu wa mtoto mwenyewe. Mimi naona kwamba kabla ya kumhukumu mtoto, ingefaa kwanza tulihoji lile kabati.

Haina maana kwamba shule hazimpi mwanafunzi kitu cha kufanya. Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013, katika kifungu cha 37, ilipiga marufuku masomo ya ziada wakati wa likizo, na kwa maoni yangu ilifanya vyema, kwa kuwa mtoto naye ana haki ya kupumzika. Hata hivyo, mahali pa masomo hayo pamechukuliwa na bunda la karatasi liitwalo kazi ya likizo. Ndani yake mna taarifa fupi ya aya tatu au nne, na chini yake maswali 10. Mtoto huijaza yote katika siku mbili za kwanza ili apate kucheza, au katika usiku mmoja wa mwisho huku mamaye amemsimamia. Katika hali zote mbili, ufahamu haukuguswa.

Nieleze kwa nini nasema hivyo. Wengi wetu twakijua kile kisa cha Abunuwasi na sufuria. Abunuwasi aliazima sufuria kwa jirani, akairudisha pamoja na sufuria ndogo, akidai kwamba ile kubwa imezaa. Jirani akafurahi, akazipokea zote mbili. Alipoazima tena hakurudisha kitu, na alipodaiwa akajibu kwa huzuni kuwa sufuria imekufa. Sasa chukua kisa hiki ukitie katika karatasi ya likizo, uulize: Abunuwasi aliazima nini? Sufuria ilizaa nini? Hatimaye sufuria ilifanya nini? Mtoto ataitafuta sentensi yenye neno "sufuria" na kuinakili, naye atapata alama zote. Lakini yupo mtoto mwingine ambaye, akifika pale jirani anapong'aka kwamba sufuria haiwezi kufa, huangua kicheko. Huyu wa pili ndiye aliyefahamu. Ametambua kwamba jirani amenaswa kwa ulafi wake mwenyewe, kwamba aliyekubali sufuria kuzaa hana tena mdomo wa kukataa kwamba sufuria yaweza kufa. Neno "ulafi" halimo popote katika kisa. Mtoto amelitoa kichwani mwake. Hakuna swali la kunakili liwezalo kukipima kicheko kile, na hakuna mwalimu aliyekisikia asijue maana yake.

Mazoea haya ya kuwinda majibu hayakuzuka jana. Tangu mwaka 1985 hadi 2023 watoto wetu walifanya mtihani wa KCPE, ambao karatasi yake ya Kiswahili, ukiondoa insha, ilikuwa na maswali 50 ya kuchagua jibu moja kati ya manne. Vizazi vizima vikafunzwa kusoma maswali kwanza, kisha kurudi katika taarifa kutafuta mahali jibu lilipojificha. Hiyo ni mbinu nzuri ya mtihani na mbaya ya kusoma. Mtihani huo haupo tena, na Mtaala wa Umilisi umeweka wazi kwamba mwanafunzi afunzwe kusoma kwa mapana, yaani asome matini nyingi za aina nyingi, nyingine kwa kuzichagua mwenyewe. Waalimu wanayajua haya. Lakini likizo ikiwadia, mtaala huachwa shuleni, na mtoto hutumwa nyumbani na mtihani wa zamani.

Kuna jambo jingine kuhusu ufahamu ambalo hatulizungumzi vya kutosha. Ufahamu haukai ndani ya kitabu tu. Mtoto hukutana na taarifa akiwa na mzigo wa yale ayajuayo, na kwa mzigo huo ndipo huelewa au hushindwa. Mpe mwanafunzi wa Kericho sentensi hii: "Mzee alipoona wingu limetanda kusini, alitua tanga upesi." Muulize mzee alitua nini, atajibu "tanga", nawe utaandika alama ya vyema. Muulize alihofia nini, kimya kitatanda kama lile wingu. Mtoto wa Lamu hahitaji hata kufikiri, kwani amekwisha kumwona babu yake akifanya hivyo hivyo, na anajua kwamba upepo utakaofuata waweza kuipindua ngalawa. Lakini mpe huyo wa Lamu habari ya kuchuma majani mawili na chipukizi moja, uone atakavyobabaika pale yule wa Kericho anapopita akiimba. Wote wawili wanajua kusoma. Kila mmoja anafahamu pale tu ujuzi wake unapokutana na maandishi.

Wamarekani wawili, Donna Recht na Lauren Leslie, walilithibitisha jambo hili katika utafiti waliouchapisha mwaka 1988. Waliwapa wanafunzi taarifa juu ya mchezo wa besiboli, kisha wakawataka waieleze. Wanafunzi waliohesabiwa kuwa wasomaji dhaifu, lakini wenye kuujua mchezo huo, waliikumbuka na kuieleza taarifa vizuri kuliko wasomaji hodari wasioujua mchezo. Natamani kila mwalimu wa lugha angelitafakari hilo kabla ya kumwandikia mtoto katika ripoti kwamba hana akili ya kusoma.

Ikiwa mambo ni hivyo, likizo si adui wa ufahamu hata kidogo. Mtoto anayeshinda na shangazi yake sokoni Kongowea, akimsikia akipatana bei ya nazi na kulalamikia magunia yaliyochelewa, anajaza ghala ambalo atalitumia siku atakaposoma habari za biashara. Yule aendaye na ng'ombe kisimani huko Kajiado, akajua ni mwezi gani maji hukauka na ni nani huchimba zaidi, ameelimika kuhusu ukame kupita awezavyo kuelimishwa na aya nne. Kinachokosekana ni mtu wa kuliunganisha alilolifanya na neno lililoandikwa, na mtu wa kumuuliza kwa nini.

Mtu huyo si lazima awe msomi. Hapa ndipo ninapotofautiana na wanaosema kwamba jukumu hili ni la wazazi waliosoma tu. Chukua nyanya asiyejua kusoma, aliyeletewa ujumbe wa M-Pesa na mwanawe aliye Nairobi. Humwita mjukuu amsomee. Mjukuu husoma kwanza jina la aliyetuma, kiasi kilichoingia, saa, na salio lililopo sasa. Kisha nyanya huuliza maswali ambayo hakuna karatasi ya likizo iliyowahi kuyauliza: Mbona pesa hizi ni pungufu ya alizoahidi? Salio hili lina zile za jana ndani yake? Ili kujibu, mtoto anatakiwa arudi kwenye ujumbe, alinganishe, atoe hesabu, na afasiri kwa Kikamba au Kigiriama kile alichokisoma kwa Kiingereza. Kama huo si ufahamu, sijui ufahamu ni nini. Ndivyo ilivyo pia na maelezo yaliyo kwenye pakiti ya mbegu za mahindi, kwenye chupa ya dawa ya kuoshea mifugo, kwenye tangazo lililobandikwa mlangoni mwa ofisi ya chifu. Mtoto aliyesoma pakiti ya mbegu na kumweleza babu nafasi ya shimo hadi shimo amefanya kazi ya maana, na mahindi yenyewe yatamsahihisha.

Nagusia lugha ya mama kwa makusudi. Wako walimu wanaoona kwamba mtoto akisoma hadithi ya Kiswahili kisha akaisimulia kwa Kiluo au Kimeru, kazi imeharibika. Mimi nasema imekamilika. Mtu hawezi kukihamisha kisa kutoka lugha moja hadi nyingine bila kukielewa. Maneno ya kunakili humwishia pale pale mlangoni. Kwa hiyo mwalimu akitaka kujua kwa hakika kama mtoto alisoma, amwagize tu amsimulie nyanya yake, kwa lugha ya nyanya yake.

Huko Marekani, ambako likizo ya kiangazi nayo huchukua kama wiki 10, wataalamu wamelichunguza suala hili kwa miaka mingi. Harris Cooper na wenzake, mwaka 1996, walikusanya matokeo ya tafiti nyingi na kuonyesha kwamba katika kusoma, watoto wa jamaa maskini ndio waliorudi nyuma wakati wa likizo, ilhali wale wa jamaa zenye mapato ya kadiri walipiga hatua kidogo. Tafiti za baadaye zimetilia shaka ukubwa wa pengo hilo, na mabishano hayajesha. Lakini liko jaribio moja ambalo kwangu lina uzito zaidi kwa sababu lahusu nini cha kufanya. James Kim na Thomas White walichapisha matokeo yake mwaka 2008. Watoto waliopelekewa vitabu tu nyumbani hawakuwazidi sana wale ambao hawakupata kitu. Waliosonga mbele ni wale ambao walimu wao waliwafunza kabla ya likizo namna ya kujiuliza maswali na kufupisha walichosoma, kisha wakiwa nyumbani wakamsomea mtu wa familia kwa sauti. Naye Richard Allington na wenzake, mwaka 2010, waliripoti kuhusu watoto wa jamaa maskini huko Florida waliopewa vitabu 12 kila kiangazi kwa muda wa miaka 3, vitabu walivyovichagua wenyewe, na ambao hali yao ya kusoma iliimarika. Kwa hiyo kitabu, uhuru wa kukichagua, na sikio la kumsikiliza mtoto vinakwenda pamoja. Karatasi ya maswali 10 haina hata kimoja kati ya vitatu hivyo.

Sisi wenyewe tumekwisha kupata funzo letu, tena kwa uchungu. Shule zilipofungwa Machi 2020 kwa sababu ya korona, wanafunzi wengi hawakurudi madarasani hadi Januari 2021. Vitabu vilivyokuwa vimefungiwa makabatini vilikaa humo miezi 9, vikiliwa na mchwa, huku wenye navyo nyumbani wakiendelea kusoma. Na hata kabla ya hapo, wapimaji wa Uwezo, walioanza kupita nyumba kwa nyumba humu nchini mwaka 2009, walikuwa wamekwisha kutuonyesha kwamba watoto wengi wa darasa la 3 hawakuweza kusoma hadithi iliyoandikwa kwa kiwango cha darasa la 2. Mtoto wa aina hiyo ana akiba ndogo mno ya kusoma. Ukimnyima kitabu kwa wiki 10, huna hakika utamkuta pale ulipomwacha.

Najua jibu la mwalimu mkuu, na ni jibu la haki. Atasema: vitabu hivi ni mali ya umma, nimetia sahihi kuvipokea, na vikipotea nitaulizwa mimi. Tangu mwaka 2018 serikali imekuwa ikivipeleka vitabu vya kiada moja kwa moja shuleni ili kila mwanafunzi apate chake, na pamoja navyo huja hofu ya mkaguzi. Mvua huvuja mapaa, mdogo wake mwanafunzi huchana kurasa, mbuzi naye hajui thamani ya karatasi. Sitaki kulidharau hilo. Lakini tazama jinsi hesabu zetu zilivyopinda. Kitabu kilichopotea kina nambari, kina safu yake katika rejista, na kuna mtu atakayeulizwa. Uwezo wa mtoto wa kusoma ukipotea mwezi wa Desemba hauna nambari, hauna safu, wala hakuna mtu atakayeulizwa. Basi tunakilinda kile kinachohesabika.

Ningependekeza tuanze na vitabu vya hadithi, maana ndivyo vinavyofaa likizo, na kimoja kikipotea hakuna somo litakalosimama. Aghalabu ni vichache, pengine 60 kwa shule yenye wanafunzi 400, kwa hiyo haiwezekani kila mtoto achukue chake. Lakini watoto hawaishi mmoja mmoja. Wanaishi vijijini na mitaani, kwa mafungu. Shule yaweza kugawa vitabu hivyo katika masanduku, kila kijiji sanduku moja lenye vitabu 8 au 10, likatunzwa kwa mzazi mmoja aliyekubaliwa na wenzake, au kwa katekista, au kwa mwalimu wa madrasa. Kuwe na daftari la kuazimia ndani yake. Mwanafunzi wa Gredi ya 8 alishike daftari hilo, na atajifunza mengi kwa kulishika. Kila Jumamosi watoto wakutane, wabadilishane, na anayerudisha kitabu awasimulie wenzake kilichomo, akomee pale penye utamu ili mwingine apate hamu ya kukichukua. Jambo hili halidai mshahara wa mtu wala idhini ya waziri.

Anayeona kuwa haliwezekani na akumbuke Garissa. Mwaka 1996 Huduma ya Maktaba za Kitaifa ilianza kuwapelekea wafugaji vitabu kwa ngamia, waliobebeshwa masanduku ya vitabu na hema la kusomea, wakakata mchanga hadi kule ambako gari halifiki. Vitabu kadhaa bila shaka viliharibika njiani. Hilo halikuwazuia kutoka mji hadi boma, na sisi twashindwa kuvitoa kabatini hadi kijiji kilicho ng'ambo ya uwanja wa mpira.

Kwa mzazi wa mjini njia ni nyingi zaidi, ingawa si rahisi kama inavyodhaniwa. Vitabu ni ghali, na Sheria ya VAT ya mwaka 2013 iliyowatoza wasomaji asilimia 16 iliongeza mzigo juu ya mzigo. Lakini ziko maktaba. Maktaba ya McMillan jijini Nairobi imekuwapo tangu mwaka 1931, na ina matawi yake Kaloleni na Makadara, karibu kabisa na watu. Mzazi anayetumia nauli kumpeleka mtoto kwenye jumba la maduka Jumamosi akatazame vitu wasivyoweza kununua angeweza kuigeuza njia hiyo mara moja kwa mwezi. Na gazeti la juzi, hata lile lililofungiwa nyama, bado lina habari ambayo mtoto aweza kuisoma na kuibishia.

Nawe mwanafunzi unayesoma ukurasa huu, sikushauri usome kwa ajili ya mwalimu. Tafuta kitabu kinachokuchelewesha kula. Ukikuta neno usilolijua, usikimbilie kamusi mara moja. Soma mbele sentensi mbili au tatu, ukisie maana, kisha ndipo uhakikishe. Ukifika katikati, kifunge kitabu ujiulize mhusika atafanya nini sasa, na kwa nini. Ukikosea, ni vizuri zaidi, kwa sababu mwandishi amekushinda kwa werevu na utataka kujua alikushinda wapi. Na ukikichoka kabisa, kirudishe uchukue kingine. Hakuna atakayekuadhibu kwa kuacha hadithi isiyokufaa.

Baki la kazi ni la mwalimu, na liko katika siku mbili. Ya kwanza ni ile ya kufunga shule: badala ya kutumia saa tatu kuhesabu vitabu, atenge saa moja awasomee wanafunzi hadithi kwa sauti, akisimama hapa na pale kuuliza wanadhani nini kitafuata, ili waione njia watakayoitumia wakiwa peke yao. Ya pili ni ile ya kufungua. Siku hiyo asianze kwa kukusanya karatasi na kumtafuta wa kuchapwa kwa macho. Aketi na watoto, amuulize mmoja alisoma nini na alimsimulia nani. Amuulize nyanya alisemaje aliposikia kwamba sufuria imekufa. Akicheka huyo mtoto kabla ya kujibu, mwalimu aweza kuchukua kalamu yake na kuandika alama anayoitaka.